Mpini wa Ufagio kwa Bwana Stamper

Toledo, Ohio
6 Juni 1988

Kwa Bwana Orville Stamper,

Hunijui. Jina lako nimepewa na mzee anayeuza vipuri vya zamani kwenye mnada wa Jumapili hapa kwetu. Alisema nikitaka propela ya gari iliyotengenezwa na mtu anayejua kazi, niache kuhangaika na gereji za mjini, nikuandikie wewe. Tena kwa barua, maana simu yako uliing'oa ukutani.

Gari langu ni Duster ya Plymouth ya mwaka 1970. Nililinunua mwenyewe kwa mshahara wangu wa kiwanda cha vioo, likiwa na ile injini ndogo ya silinda sita, kwa sababu bima ya injini kubwa kwa msichana wa miaka ishirini ilikuwa inatisha kuliko mwendo wenyewe. Kaka yangu Ray tangu siku hiyo analiita cherehani. Miaka kumi na minane, Bwana Stamper. Kila Krismasi, kila msiba, kila harusi ya ukoo, lazima aniulize kama nimekuja na cherehani.

Basi mwaka huu nimeamua yaishe. Nimepata injini kubwa ya silinda nane, ya 440, pamoja na giaboksi yake, kutoka gari kubwa la mzee mmoja lililogongwa kwa nyuma. Difu, ile ya kati ya matairi ya nyuma, pia nimeibadilisha, maana ile ya zamani ingesagika siku ya kwanza. Sasa propela ya zamani, lile bomba la kupeleka nguvu ya giaboksi kwenye difu, haifai mbele wala nyuma. Ni ndefu mno, na kichwa chake hakiingii giaboksini: chenyewe kina meno ishirini na sita, giaboksi ina thelathini. Nimeyahesabu mara tatu, nikiweka alama ya rangi ya kucha kwenye jino la kwanza. Krosi ya difu nayo, kile kiungo cha nyuma cha propela, ni ya saizi tofauti na ya mbele.

Injini kwa sasa imekalia vipande vya mbao, inasubiri raba za kuishikia nilizoagiza kwa posta. Gereji mbili nimekwenda kuuliza habari ya propela, na zote mbili zimeniuliza mume wangu anasemaje. Sina mume. Nina spana.

Naomba uniambie unataka vipimo gani.

Nadine Kowalik


Tanner's Run, Ohio
11 Juni 1988

Bi Kowalik,

Meno thelathini ni sawa kwa giaboksi hiyo. Habari ya rangi ya kucha sijawahi kuisikia, lakini sina ugomvi nayo.

Mimi sipokei namba. Watu hupima kwa futi iliyolegea, wanasoma upande usio wake, halafu wananiandikia kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nitumie mti. Chukua mpini wa ufagio, ulale chini ya gari, ncha moja iguse sili ya mafuta kwenye mkia wa giaboksi, ncha nyingine ifike katikati ya kikombe cha krosi kwenye difu. Kata kidogo kidogo. Mti ukizidi unakatwa tena, ukipungua hauungiki. Funga pamoja nao vikombe viwili vya krosi, cha mbele na cha nyuma, kila kimoja kwenye kitambaa chake.

Kabla hujakata, gari lisimame kwa matairi yake manne. Injini na giaboksi ziwe zimefungwa mahali pake pa kudumu, boliti zote. Si juu ya jeki, wala si juu ya mbao. Neno mbao nimelisikia katika barua yako na sikulipenda. Injini ikija kusogea hata kidogo baada ya mti kukatwa, mti huo ni kuni.

Uniandikie kwa mkono wako kwamba hayo yote umeyafanya. Kwangu ndiyo ya mteja ni ndiyo, sirudi nyuma kuuliza.

Mumeo anasema nini si kazi yangu.

O. Stamper

(Karatasi ndogo ya njano, kwa kalamu, ndani ya bahasha hiyohiyo)

Dada Nadine,

Mimi ni Verna Tackett, ndiye ninayepeleka barua huku milimani. Mzee hajui kwamba nimetia karatasi hii, na asijue.

Barua zake anazichapa mwenyewe. Taipureta alijifunza jeshini na vidole vinaijua njia. Lakini zinazoingia nazisoma mimi, pale barazani kwake, gari la posta likiwa linanguruma barabarani, jambo ambalo mkubwa wangu akilisikia sina kazi. Macho ya mzee yamekufa katikati. Anaona kingo za vitu tu. Akikutazama usoni anayaona masikio yako. Kukereza chuma anakereza, kuchomelea anachomelea kwa sauti na mazoea ya miaka arobaini, lakini namba za futi hazioni tena. Majira ya baridi yaliyopita alituma propela tatu na zote zikarudi. Hapo ndipo alipoanza habari ya miti.

Ana mtoto mmoja, Dwight, yuko Columbus. Si mtu mbaya. Anaogopa propela isije ikakatika mtu akiwa mwendo wa maili tisini, ikamtoboa miguu. Wamepatana hivi: mzee atengeneze moja zaidi. Ikienda vizuri, anabaki na karakana yake. Ikirudi, Dwight anauza mashine na kumhamishia Columbus, kwenye chumba chenye zulia. Mzee akiwekwa kwenye zulia hamalizi mwaka, mimi namjua.

Hiyo moja ni yako. Nimeona ni haki ujue, kama unataka kutafuta fundi mwingine. Ukiniandikia mimi, tumia bahasha ya peke yake, Posta ya Tanner's Run.

Verna


Toledo
27 Juni 1988

Bwana Stamper,

Mti ndio huu, na vikombe vya krosi viko kwenye soksi, maana vitambaa safi sina. Nimeharibu mipini miwili ya ufagio na huu ni wa tatu. Sasa nafagia jikoni nimeinama kama ninayetafuta hereni, na Ray amekuja kuuliza kama cherehani imekula fagio zangu.

Umeuliza, nami najibu. Ndiyo, gari liko kwa matairi yake manne. Ndiyo, injini imefungwa. Ndiyo, boliti zote. Usiwe na wasiwasi wowote.

Sitafuti fundi mwingine. Nimetaka tu ulijue hilo.

Nadine Kowalik


Tanner's Run
19 Julai 1988

Bi Kowalik,

Propela inakuja kwa lori la vifurushi. Bomba ni la inchi tatu, ukuta mnene kuliko ule wa kiwandani. Kichwa cha mbele ni cha meno thelathini, krosi ya nyuma ni ile ndogo uliyonitumia kikombe chake. Kabla hujaitia, paka mafuta kwenye meno. Itaingia kwa mkono. Ukiona unatafuta nondo ya kuisukumia, simama, ujue kuna tatizo.

Nilisimama na mti wako muda mrefu kuliko ninavyosimama na mti wa mtu. Lakini umesema ndiyo mara tatu, basi nimekata kama mti ulivyosema.

Endesha maili hamsini kisha uniandikie kila kitu. Ukisikia mlio, nieleze ni mlio gani. Ukisikia mtikisiko, nieleze unaanzia mwendo gani na unauhisi wapi. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimezeeka lakini sijawa mtoto.

O. Stamper

(Karatasi ya njano)

Dada Nadine, Dwight amepiga simu posta kuuliza kama jibu lako limekuja. Mzee naye ananingojea kwenye sanduku la barua tangu saa tatu asubuhi, kofia kichwani, na mimi huku sifiki kabla ya saa sita. Nakuomba kitu kibaya. Ikitikisika, sema haitikisiki. Mpe fundi wa huko airekebishe, huku sisi tusijue. Nani ataumia? Verna


Toledo
30 Julai 1988

Bwana Stamper,

Propela iliingia kwa mkono, laini. Nimeendesha maili hamsini na nne, hadi Bowling Green na kurudi. Sikusikia mlio wala mtikisiko. Sakafu imetulia na kiti kimetulia. Ray alikaa pembeni yangu na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1970 hakuwa na la kusema.

Nakushukuru sana. Kazi yako ni safi kabisa na nitamwambia kila mtu.

Nadine Kowalik

(Bahasha nyingine, kwa Bi Verna Tackett, Posta ya Tanner's Run)

Dada Verna, nimefanya ulivyoniomba. Ukweli ni kwamba niliisukuma kwa nondo, na nikipita kwenye shimo inagonga mbele kama mtu anayepiga mlango kwa nyundo. Sikufika Bowling Green, nilirudi njiani. Kuna fundi huku atanipunguzia urefu. Mzee abaki na mashine zake na tusahau. N.


Tanner's Run
8 Agosti 1988

Bi Kowalik,

Nimefurahi kwamba gari linakwenda. Nakuandikia kwa sababu nataka ujue kwamba wewe ndiye mteja wangu wa mwisho, na kwamba hukufanya kosa lolote.

Nitakueleza, maana mtu ambaye simjui ni rahisi kumweleza. Macho yangu yamekwisha, mwaka wa pili sasa. Verna, anayenisomea barua, anadhani anajua yeye peke yake, kumbe jimbo zima la Ohio linajua. Tangu hapo nafanya kazi kwa mikono. Nimeshatengeneza propela nyingi za Duster zenye injini kama yako na giaboksi kama yako, na kila mti wa gari hilo, nikiusimamisha sakafuni, unafika kwenye kifungo cha tatu cha shati langu. Wako ulikipita. Niliupima kwa kidole gumba, kisha kwa cha mkono wa pili. Nikalala. Asubuhi nikaupima tena. Mikono ikaniambia vilevile: huyu mama amekata mti mrefu, propela hii itasukuma giaboksi.

Nilitaka kukuandikia. Halafu nikajiambia, Orville, tatu zimerudi. Huyu ameandika ndiyo mara tatu, ana macho mawili, na wewe una kidole gumba. Nikakata kama mti ulivyosema, nikakaa nangoja uniambie kwamba inagonga. Nilitamani uniambie kwamba inagonga. Sasa umesema imeingia laini na imetulia. Maana yake mti ulikuwa sawa na mikono yangu ndiyo iliyosema uongo. Macho yalipokufa nilibaki na mikono, sasa nayo haina ninaloweza kuiamini, na fundi asiyeamini mikono yake ataua mtu.

Dwight alishangaa nilipomwambia aje. Yeye alisema propela imekwenda vizuri, mzee una haki yako, baki. Nikamwambia hapana. Mnunuzi anakuja na lori Jumamosi hii kuchukua mashine ya kukereza, ile ya kusawazishia na zote nyingine.

Endesha salama. Badilisha mafuta ya giaboksi baada ya maili mia tano.

Orville Stamper


Toledo
11 Agosti 1988, saa kumi jioni
KWA POSTA YA HARAKA

Bwana Stamper,

Usiwaache waguse hizo mashine. Verna, unayemsomea, soma kwa sauti na usiruke neno, hata yale yanayokuhusu wewe.

Nimekudanganya mara mbili. Barua ya Julai ni uongo mtupu. Propela haikuingia kwa mkono. Niliisukuma kwa nondo, nikiwa nimelala chali chini ya gari, mguu mmoja ukutani. Inagonga kila nikipita shimo. Sikwenda Bowling Green. Ray hakukaa pembeni yangu. Yuko kwake, bado anacheka. Nilikuandikia vile kwa sababu Verna alikuwa amenieleza habari ya Dwight na kuniomba niseme haitikisiki, na nikadhani nakuokoa.

Lakini uongo mkubwa ni ule wa kwanza. Uliponiuliza kama injini imefungwa nikasema ndiyo, haikuwa imefungwa. Raba zilikuwa hazijafika. Wiki ya tatu, kila siku naangalia mlangoni, hakuna kitu. Ray alikuja akaona injini juu ya mbao, akasema hilo gari litakuwa kibanda cha kuku. Hasira zikanipanda. Nikasema injini si ipo, giaboksi si ipo, kuna tofauti gani, nikalala chini nikakata mti. Kisha nikakaa mezani nikakuandikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sikutaka uwe mwanamume wa tatu wa kuniambia kwamba sijui ninachofanya. Na kumbe kweli sikujua.

Raba zilifika tarehe 5 Julai. Nilipoifunga injini kwa boliti zake, ilirudi nyuma, na giaboksi nayo ikarudi nayo. Nilikuwa nimechora mstari kwa chaki sakafuni chini ya mkia wa giaboksi kabla ya kufunga, kwa hiyo najua hasa ilirudi kiasi gani. Leo nimepima tena mbele ya jirani ili asije mtu akasema naongeza. Imerudi robo tatu ya inchi. Propela yako ni ndefu kwa robo tatu ya inchi, bila kupungua wala kuzidi, kwa sababu mti wangu ulikuwa mrefu hivyo.

Mikono yako haikukosea. Ilikuambia kweli tangu siku ya kwanza, na mimi nikakuandikia kwamba ni uongo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika hadi kwenye mlango wa karakana yako, na naona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nisamehe. Kama huwezi kunisamehe usinisamehe, lakini lori lirudi tupu.

Nadine Kowalik


Tanner's Run
14 Agosti 1988

Dada Nadine,

Leo nakuandikia kwenye karatasi nzima, mchana kweupe, na mzee anajua. Amekaa hapa ananikoroga akili kwa kuniuliza nimefika wapi.

Barua yako niliipata Jumamosi saa moja asubuhi posta ilipofunguliwa. Niliacha njia yangu yote, nikaanzia mwisho, kwa mzee. Masanduku arobaini ya barua yalisubiri na watu wamenung'unika hadi kanisani. Nilipofika lori lilikuwa limeshaingizwa kinyumenyume mlangoni, na vijana wawili wa mnunuzi walikuwa wamezungusha minyororo kwenye mashine kubwa. Dwight alikuwa nje na mnunuzi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni kando ya mlango, mikono juu ya magoti, ametazama pembeni ili aweze kuona.

Nikasema nina barua ya haraka kutoka Toledo na imeandikwa nisome kwa sauti. Dwight alisema tuisome baadaye. Nikamwambia mimi ni mtumishi wa serikali na naisoma sasa. Sijui hata nilitoa wapi hayo maneno.

Nilisoma yote. Palipohusu mimi nilisoma pia, na uso ulikuwa unaniwaka. Nilipofika kwenye chaki mzee aliinua mkono. Vijana wa minyororo nao waliacha kazi.

"Ngoja, usisome namba," akasema. "Dwight, njoo hapa. Njoo usikie kwa masikio yako."

Dwight akaja akasimama mlangoni.

"Ni robo tatu ya inchi," mzee akasema. "Kama imeandikwa kitu kingine, pakieni kila kitu na mimi mnipakie juu."

Nikasoma. Robo tatu ya inchi, bila kupungua wala kuzidi.

Dwight alininyang'anya barua akaisoma mwenyewe, kisha akaisoma tena. Akamwuliza baba yake alijua tangu lini. Mzee akasema tangu siku mti ulipofika. Akamwuliza kwa nini basi alikata. Mzee akasema, "Kwa sababu na wewe ulikuwa umeshaniambia kwamba siwezi, nikakuamini."

Dada, mimi nimebeba barua za watu miaka ishirini na mbili, za vita na za talaka, lakini sijawahi kuona mtu mzima akiingia kwenye pipa la mabomba kutafuta mpini wa ufagio huku analia na kujifanya ni vumbi. Dwight aliuleta. Mzee akausimamisha kwenye shati lake, akaweka kidole pale mti ulipopaswa kuishia, akamwambia mwanawe apime kilichozidi. Dwight akapima. Kisha akaenda kuwaambia vijana wafungue minyororo. Mnunuzi alikasirika, nikampa kikombe cha kahawa na kipande cha mkate wa mahindi, hasira ikapungua kidogo.

Si kwamba mambo yote yamekwisha. Dwight ameweka sharti. Atakuja Jumamosi moja kila mwezi kukagua kila palipochomelewa, na hakuna propela itakayotoka kabla hajaiona. Mzee alipinga kwa kulinda heshima tu, kisha akakubali. Mimi naona amelipenda. Ni muda mrefu mtoto huyu hajaja hapa bila sababu ya kugombana.

Anasema uirudishe propela haraka. Anasema huna haja ya kukata mti mwingine, anajua mwenyewe propela iishie wapi. Anasema pia uongo wa kwanza amekusamehe kwa sababu kila mtu aliyewahi kufunga injini alishawahi kuudanganya ule mti, na wa pili bado anaufikiria. Nami nimetajwa humo humo kwenye wa pili, kwa hiyo tunangoja wote.

Verna


Toledo
2 Oktoba 1988

Bwana Stamper,

Propela uliyoifupisha iliingia kwa mkono. Safari hii ni kweli, na nimemfanya Ray alale chini ya gari ashuhudie. Ilipofika mwisho ikabaki nafasi ya kuchezea ya inchi moja kasoro kidogo, kama ulivyoandika kwenye karatasi iliyokuja nayo. Ray alitoka na mafuta kwenye paji la uso, akazunguka gari mara mbili, akauliza kama anaweza kuendesha. Nilimwambia aliyezoea cherehani hawezi gari hili.

Tumekwenda Bowling Green kweli, na tukapitiliza hadi Findlay. Mashimo yote ya barabara ile nimeyapita kwa makusudi. Haligongi. Giaboksi inabadilisha bila mtu kujua. Likikohoa kutoka kwenye taa za barabarani, watoto wanageuka.

Sasa hapa nimeweka kalamu chini, nikanywa kahawa, nikaosha vyombo, nikarudi. Uliniambia niandike kila kitu. Ukweli ni kwamba kuanzia maili sitini na tano linatikisika. Kidogo. Ray anasema ni barabara. Si barabara, nimelijaribu kwenye lami mpya. Linanitikisa polepole kwenye kiti, kama mtu anayepepeta nafaka, na nikifika themanini linapungua. Sijui Dwight atasema nini akisikia, nami nimekaa na jambo hili siku nne. Lakini nimeapa kwamba wewe sitakuandikia tena kitu ambacho sicho. Kwa hiyo ndiyo hiyo. Linatikisika.

Nadine


Tanner's Run
8 Oktoba 1988

Nadine,

Verna ameisoma barua yako kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Nilimwambia arudie ile sehemu ya kupepeta nafaka, nikacheka, akaniona nimechanganyikiwa. Dwight alikuwapo. Akaniuliza tuirudishe? Nimemwambia akae chini ajifunze.

Hiyo si propela. Propela inazunguka mara tatu wakati tairi linazunguka mara moja. Ingekuwa mimi ndiye niliyekosea, sakafu ingevuma kama mzinga wa nyuki na ungeisikia kwenye meno, na ukizidisha mwendo ingezidi. Wewe unapepetwa polepole, kwenye kiti, na ukizidisha mwendo mtikisiko unapita. Hilo ni tairi la nyuma. Piga jeki, zungusha moja moja kwa mkono, litakaloyumba litoe.

Hii nakuandikia bila kupima kitu, bila kuona kitu, niko maili karibu mia mbili kutoka kwenye gari lako, na sina shaka hata chembe. Propela yangu usiiguse.

Orville